Umeme wa Kuazima: Historia ya Chaji kwenye Injini za Boti

Injini za kwanza za petroli zilizofungwa kwenye boti zilipata cheche kwa njia mbili, na hakuna hata moja iliyohitaji chaji. Ya kwanza ni betri kavu, iliyotumika mpaka ikafa na kutupwa. Ya pili ni magneto, yaani sumaku inayozungushwa na injini yenyewe kando ya koili. Robert Bosch wa Stuttgart alitengeneza magneto yake ya kwanza mwaka 1887, na mwaka 1902 mhandisi wake Gottlob Honold akaleta ile ya volti za juu, iliyoweza kurusha cheche kwenye plagi bila msaada wa kifaa kingine. Injini za kupachika za Ole Evinrude, zilizoingia sokoni Marekani mwaka 1909, zilianza kwa betri kavu, kisha zikahamia kwenye magneto iliyofichwa chini ya gurudumu la injini. Wavuvi wa Skandinavia walikuwa wameuacha umeme kabisa: injini zao za mafuta mazito ziliwashwa kwa kupasha kichwa cha silinda moto mpaka kikaiva, na hazikuwa na waya hata mmoja.

Kutafuta hitilafu katika boti hizo kulikuwa kazi ya macho. Fundi alifungua plagi, akairudishia waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini, kisha msaidizi akavuta kamba. Cheche ikiruka, lawama zinahamia kwenye mafuta. Isiporuka, magneto inafunguliwa, inakaushwa, na ncha zake za kugusana zinapigwa msasa. Adui alikuwa unyevu na chumvi, na dawa ilikuwa kitambaa kikavu.

Betri kubwa zilikuwepo majini tangu zamani, ila kwa kazi nyingine: kuiendesha boti yenyewe. Moritz Jacobi aliendesha boti ya umeme katika mto Neva, St. Petersburg, mwaka 1838, akitumia betri ambazo hazikuweza kuchajiwa. Gaston Planté wa Ufaransa alipata betri ya risasi na asidi mwaka 1859, na Camille Faure akaiboresha mwaka 1881 kwa kupaka bati zake rojo ya oksaidi ya risasi. Ndani ya miaka michache boti za matembezi za umeme zilikuwa zikipita mto Thames, na mwaka 1893 zilibeba wageni wa maonyesho makubwa ya Chicago. Lakini zote zilichajiwa kwa dinamo za vituo. Wazo la boti kujitengenezea umeme wake huku ikisafiri halikutoka majini. Lilitoka barabarani, na asili hiyo ndiyo inayoeleza karibu kila hitilafu iliyowasumbua mafundi wa boti kwa miaka mia moja iliyofuata.

Mwaka 1911 Charles Kettering, mhandisi wa Dayton, Ohio, alikamilisha stata ya umeme, yaani mota ya kuwashia injini, na gari la Cadillac la mwaka 1912 likauzwa nayo. Stata ilihitaji betri kubwa, na betri hiyo ilihitaji kitu cha kuijaza tena kila baada ya kuwasha. Hivyo stata, betri na dinamo viliingia kwenye gari kwa pamoja. Mwaka 1919 hata Ford Model T, gari la watu wa kawaida, liliweza kununuliwa likiwa na stata.

Watengenezaji wa boti walinufaika bila kugharimia utafiti. Kampuni kama Gray Marine ya Detroit zilichukua bloku za injini za magari na malori, zikabadilisha mfumo wa kupozea ili utumie maji ya nje, zikaweka gia ya kurudi nyuma, na kuziuza kama injini za boti. Dinamo na stata vilikuja pamoja na bloku. Huko Uingereza majina yaliyozoeleka yakawa Lucas na CAV, na Ujerumani likawa Bosch. Mwenye boti aliweza kununua brashi za kaboni katika duka la vipuri vya magari, na hilo lilikuwa jambo jema. Lisilo jema ni kwamba dinamo hiyo ilibuniwa kwa chombo kinachokwenda na kusimama, kinachopulizwa na upepo, na ambacho sakafu yake haina maji.

Dinamo hutengeneza umeme katika koili zinazozunguka, na umeme huo wote hutolewa kupitia brashi zinazosugua komuteta, silinda ya shaba iliyokatwa vipande vipande. Kila vipande vinapopishana chini ya brashi, cheche ndogo hutokea. Kwenye gari cheche hizo hazina madhara. Kwenye boti ya petroli, ambako mvuke wa mafuta ni mzito kuliko hewa na hushuka kutulia kwenye ngama, cheche hizo zinaweza kulipua chombo kizima. Ndiyo maana desturi ya kufungua vifuniko na kupitisha hewa kabla ya kuwasha ilishika mizizi mapema, na baadaye feni za ngama zikawa kifaa cha lazima.

Tatizo la pili lilikuwa udhibiti. Dinamo za mwanzo zilidhibitiwa na brashi ya tatu, iliyosogezwa kwa mkono ili kuongeza au kupunguza mkondo. Mpango huo haukujali hali ya betri: iwe tupu au imejaa, ilipata mkondo uleule. Dereva wa gari, anayesimama kwenye makutano na kupunguza mwendo kwenye kona, hakuona shida kubwa. Boti inakwenda mwendo mmoja saa nyingi, kwa hiyo betri ilichemka na maji yake yakapungua kila safari. Mabaharia waangalifu walijifunza kuwasha taa mchana kweupe, ili umeme wa ziada upate pa kwenda.

Katika miaka ya 1930 kikaja kidhibiti cha rilei, kisanduku chenye ncha zinazotetemeka ambazo zilikata na kurudisha mkondo wa koili za sumaku mara nyingi kwa sekunde. Ndani yake ilikaa pia rilei nyingine iliyounganisha dinamo na betri pale tu volti zilipotosha. Ncha za rilei hiyo zikigandana, betri inamwaga umeme wake kinyumenyume ndani ya dinamo baada ya injini kuzimwa, na dinamo inajaribu kuzunguka kama mota ilhali imeshikwa na mkanda. Harufu ya vanishi inayoungua ndiyo iliyowaamsha wenye boti waliolala nangani.

Kipindi hiki ndicho kilichozaa ufundi halisi wa kutafuta hitilafu za chaji, na utaratibu wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba unastahili kuelezwa. Fundi aliondoa waya mbili za dinamo, tamino D ya kutolea umeme na tamino F ya koili za sumaku, akaziunganisha tamino hizo kwa kipande cha waya na kupima volti kati yake na bodi ya dinamo. Injini iliongezwa mwendo polepole, bila kuipeleka kasi. Volti zikipanda kwa haraka na bila kusita, dinamo ni nzima na kosa liko kwenye kidhibiti au waya. Mita isipoonyesha kitu, zinatazamwa brashi. Ikionyesha nusu volti hadi volti moja tu, umeme huo unatokana na mabaki ya usumaku kwenye chuma, na koili za sumaku zimekatika. Ikifika volti nne au tano na kugoma hapo, koili zinazozunguka zimeungua. Kwa kipimo kimoja na waya mmoja, sehemu tatu za mashine zilijieleza zenyewe. Vifaa vya baadaye, pamoja na ubora wake wote, havikuwahi kumpa fundi majibu ya wazi namna hiyo.

Mabaki ya usumaku yalikuwa na kisa chake. Dinamo iliyokaa muda mrefu bila kazi, au iliyotoka kusukwa upya, ingeweza kuyapoteza, au kuwa nayo kwa upande usio sahihi. Dawa yake ilikuwa kugusisha waya wa betri kwenye tamino F kwa sekunde chache, na chuma kikakumbuka tena upande wake. Jambo hili lilikuwa na uzito zaidi Uingereza na katika makoloni yake, ambako magari na boti nyingi ziliunganisha chanya, si hasi, kwenye bodi hadi miaka ya 1960.

Vipimo vyenyewe viliboreka. Mwaka 1923 ilianza kuuzwa mita ya AVO, iliyobuniwa na Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza aliyechoka kubeba kifaa kimoja cha kupima volti, kingine cha mkondo na cha tatu cha ukinzani. Betri ilipimwa kwa haidromita, bomba la kioo lenye boya ndani, linaloonyesha uzito wa asidi katika kila seli. Seli iliyojaa husoma karibu 1.265 hadi 1.280, na seli moja ikiachwa nyuma na wenzake watano, kosa si la dinamo. Karakana nyingi, hata hivyo, ziliendelea na mbinu ya haraka: waya unachomolewa, unagusishwa kwenye chuma, na ukubwa wa cheche ndio jibu.

Udhaifu ambao hakuna aliyeweza kuutibu ulikuwa wa kimaumbile. Dinamo haitoi kitu katika mwendo wa taratibu, na ikifungiwa puli ndogo ili izunguke kasi, vipande vya komuteta hutaka kuchomoka. Boti inayovuta kamba za uvuvi polepole, yenye taa, redio na kipima kina, ilikuwa ikila umeme kuliko ilivyozalisha.

Alteneta ilikuwa jibu linalojulikana, ila lilikosa sehemu moja. Ndani yake sumaku ndiyo inayozunguka, na koili zinazotoa umeme zimetulia pembeni. Brashi hubeba ampea chache tu za kuamsha sumaku, kupitia pete laini badala ya komuteta iliyokatwakatwa, kwa hiyo mashine inaweza kuzunguka kwa kasi kubwa na huanza kuchaji injini ikiwa bado inanguruma chini. Lakini umeme wake unabadilika mwelekeo, na betri inataka unaokwenda upande mmoja. Alteneta zilizofungwa kwenye mabasi na magari ya polisi baada ya vita vya pili vya dunia zilitumia rekitifaya za seleniamu, vifaa vya kuuelekeza umeme upande mmoja, kubwa na zenye kutaka nafasi ya kupozwa. Daiodi za silikoni, zenye kazi hiyohiyo na zilizopatikana kwa bei ya kufaa mwishoni mwa miaka ya 1950, zilikuwa ndogo kiasi cha kukaa ndani ya mfuniko wa alteneta yenyewe, sita kwa mashine moja. Mwaka 1960 Chrysler iliifanya alteneta kuwa kifaa cha kawaida kwenye gari lake la Valiant, na kufikia katikati ya muongo huo dinamo ilikuwa ikiondoka kwenye magari mapya ya Marekani. Boti zikafuata, kwa sababu bloku zilikuwa zilezile. Volvo Penta ilikuwa imeanzisha mfumo wake wa Aquamatic mwaka 1959, injini ikiwa ndani na mguu wa propela ukiwa nje, na mauzo ya boti za aina hiyo yaliipeleka alteneta ya gari katika maelfu ya vyumba vya injini vilivyobanana.

Hapo ndipo ujuzi wa zamani ulipogeuka kuwa hasara. Daiodi huvumilia kazi ya miaka, lakini haivumilii kupigwa na volti za ghafla hata kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Fundi aliyechomoa waya ili aone cheche, kama alivyofanya kwa dinamo, aliiua alteneta nzima kwa jaribio lilelile la kuikagua. Aliyeondoa waya wa betri injini ikiwaka, ili aone kama injini itaendelea, alifanya vivyo hivyo, maana betri ndiyo inayomeza mawimbi ya volti za alteneta. Mbinu hiyo ya pili ina umri mrefu ajabu. Bado inatumika katika gereji nyingi za Afrika Mashariki. Aliyefunga betri chanya kwa hasi alizichoma daiodi kabla hajaachilia spana.

Boti ilikuwa na njia yake ya pekee ya kufanya kosa hilo. Chombo chenye betri mbili kilikuwa na swichi kubwa ya kuchagua betri ya kwanza, ya pili, zote, au kuzima. Nahodha aliyeizungusha injini ikiwaka na kupitia kwenye alama ya kuzima aliikata alteneta kutoka kwenye betri, na daiodi zikaungua. Watengenezaji wa swichi walibuni zile zinazogusisha betri inayofuata kabla ya kuiacha ya kwanza, na wengine wakaongeza tamino za kukata mkondo wa sumaku kwanza, lakini alama ya kuzima ilibaki palepale.

Hitilafu nyingine mpya ilikuwa taa ndogo ya chaji kwenye dashibodi. Katika alteneta nyingi taa hiyo ilipewa kazi ya pili: mkondo mdogo unaopita ndani yake ndio unaoamsha sumaku injini inapowashwa. Balbu ikiungua, alteneta nzima hulala, na alteneta nyingi nzuri zilibadilishwa kwa sababu hiyo. Dalili ilikuwa rahisi kuisoma kwa aliyeijua: swichi ikiwashwa kabla ya injini, taa lazima iwake, isipowaka, kazi inaanzia kwenye balbu. Kwenye injini nyingi za dizeli za boti kulikuwa na dalili nyingine ya bure. Kipima mizunguko kilipata ishara yake kutoka kwenye koili za alteneta, kwa hiyo mshale wake ukianguka kwenye sifuri ilhali injini inanguruma, alteneta ndiyo iliyokufa.

Polepole utaratibu mpya ulijengeka juu ya voltmita. Betri iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.6 au zaidi kidogo, na injini ikiwaka usomaji unapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Usipopanda, anza na mkanda: ukiwa umelegea huteleza, na vumbi jeusi kuzunguka puli ni ushahidi wa kutosha. Kisha hupimwa volti kwenye tamino ya alteneta yenyewe na kwenye nguzo za betri, kwa sababu alteneta ikisoma 14.4 na betri 13.2, umeme unapotelea njiani, kwenye kiungo chenye kutu au waya mwembamba. Zikizidi 15, kidhibiti kimeharibika. Na mita ikipelekwa upande wa umeme wa kubadilika ikaonyesha mawimbi makubwa juu ya betri, daiodi mojawapo imekufa: chaji ipo, ila pungufu. Hitilafu hii ya mwisho ndiyo iliyowachosha wengi, kwa kuwa kila kitu kinaonekana kufanya kazi mpaka asubuhi stata inapogoma.

Sheria zilichelewa kuikumbuka ngama. Baraza la boti na yoti la Marekani, ABYC, lilianza mwaka 1954, na sheria ya shirikisho ya usalama wa boti ikapitishwa mwaka 1971. Kanuni zilizofuata zilitaka vifaa vya umeme vinavyokaa karibu na injini ya petroli viundwe visiweze kuwasha mvuke ulio nje yake. Tangu hapo alteneta ya boti na ya gari, ingawa zinafanana sura na zinafungwa kwenye kishikizo kimoja, hazikuwa tena kitu kimoja, na bei zikaonyesha tofauti hiyo. Wenye boti wengi waliiona kama ujanja wa wauzaji. Haikuwa hivyo.

Kidhibiti, hata hivyo, kiliendelea kuwa cha gari. Kilipangwa kurudisha kiasi kidogo kilicholiwa na stata, kisha kupunguza mkondo ili betri isichemke. Yoti za miaka ya 1980 zilikuwa na friji, usukani wa umeme na redio, na betri zilizotumika usiku kucha hadi nusu. Injini ikiwashwa kwa saa moja, kidhibiti kilidhani betri imekaribia kujaa na kupunguza mkondo mapema. Vifaa vya daiodi vilivyotenganisha betri ya injini na ile ya taa na vifaa vya ndani viliongeza madhara, kwa kula takriban volti 0.7 njiani. Betri zilizoishi bila kujaa kamwe zilifunikwa na salfeti ngumu na kufa katika miaka miwili au mitatu, huku alteneta ikipimwa na kuonekana nzima kila mara. Vidhibiti vya nje vyenye hatua kadhaa, vinavyoshikilia volti za juu kwa muda kabla ya kuzishusha, vilianza kuenea kuelekea mwisho wa muongo huo, na kitabu cha Nigel Calder kuhusu mitambo na umeme wa boti, kilichotoka mwaka 1990, kiliwafundisha mabaharia wa kawaida kudai vifaa hivyo.

Sehemu kubwa ya historia hii ilipita kando ya pwani ya Afrika Mashariki na maziwa yake. Mashua za uvuvi zilizoacha tanga zilichukua injini za kupachika za mipigo miwili, zinazowashwa kwa kamba, zenye sumaku chini ya gurudumu na zisizo na betri. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika walimulika kwa karabai, na taa za LED zilipochukua nafasi ya karabai, betri zake zilichajiwa kwa jua au nchi kavu, si kwa injini ya boti. Hali ni tofauti kwa boti za watalii na za wapiga mbizi za Zanzibar na Mafia, zilizohamia kwenye injini za mipigo minne zinazopuliza mafuta kwa kompyuta. Injini hizo hazivumilii betri dhaifu, na katika nyingi ya hizo chaji hutoka kwenye sumaku za kudumu chini ya gurudumu, bila brashi. Kipimo chake kikuu ni kulinganisha: waya tatu zinazotoka kwenye koili, zikipimwa mbili mbili, lazima zitoe volti zilezile, na hakuna hata moja inayopaswa kupitisha umeme kwenda kwenye bodi.

Badiliko la karibuni zaidi limetoka tena nje ya boti. Utafiti wa kundi la John Goodenough uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba fosfeti ya chuma inaweza kutumika katika betri za lithiamu, na baadaye betri za aina hiyo zikaingia kwenye yoti. Betri ya risasi hupunguza yenyewe mkondo inaoupokea kadiri inavyojaa. Ya lithiamu humeza kila ampea inayopewa, karibu mpaka mwisho, na alteneta iliyobuniwa kupumzika inalazimishwa kutoa nguvu zake zote injini ikiwa polepole, feni yake ikizunguka taratibu. Koili huungua, vanishi hunuka, na mafundi wameanza kufunga vipima joto kwenye mgongo wa alteneta na vidhibiti vinavyopunguza mkondo kwa kufuata vipimo hivyo. Kosa la zamani la swichi nalo limerudi kwa mlango mwingine: kifaa kinachoilinda betri ya lithiamu huikata ghafla kinapohisi hatari, na alteneta iliyokuwa ikisukuma ampea nyingi hubaki bila pa kuzipeleka. Kiwango cha E-13 cha ABYC, kilichotolewa mwaka 2022, kinataka mwendeshaji apewe onyo kabla betri haijakatwa, na wafungaji wengi siku hizi huacha betri ndogo ya risasi imeunganishwa moja kwa moja na alteneta, huku betri ya lithiamu ikijazwa kupitia chaja inayokaa kati ya hizo mbili.